Hatua Tatu Mbele ya Spika

Mkitaka niape, nitaapa, ila msiniambie niliota. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Dodoma linachoma bati, nami nipo sebuleni kwangu, mtaa wa Kikuyu, sijaonja hata tone la pombe. Mtu anaota huku kashika santuri mkononi?

Santuri yenyewe ni ya bendi ya marehemu baba, iliyotolewa upya baada ya miaka mingi. Afrobiti tupu: wimbo mmoja unajaza upande mzima, ngoma na tarumbeta zinazunguka mpaka unasahau zilipoanzia, ndipo linakuja neno zito. Kanda ya asili ilikuwa imebaki moja tu. Nilimkabidhi Yona, fundi wa sauti, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aisafishe. Aliniapia hataondoa hata neno. Santuri ilipofika, kwa furaha nikaitangaza redioni kabla sijaisikiliza hadi mwisho. Hapo nilikosea.

Siku ya pili akabisha hodi mzee mrefu mwenye koti la kijani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mimi Ndahani, natoka Zuzu. Niliimba na baba yako. Nimekuja kumsikia mama."

Nikamkaribisha kiti, nikafunga komeo kwa sababu ya vumbi, nikaweka santuri. Akanieleza kuwa walirekodi kwa maikrofoni moja, hivyo mwenye zamu alisogea hatua tatu, akaimba, akarudi nyuma. Ubeti wake ulikuwa wa mwisho: walivyohamishwa kwa nguvu kutoka Haneti enzi za vijiji vya ujamaa, mtama ukiwa bado shambani, na mama yake akafia njiani.

"Picha yake hatuna," alisema. "Na kwetu mama hatajwi jina. Nililitaja mara moja tu, humo."

Zamu yake ilipokaribia, akainuka. Niaminini: miguu yake ilikanyaga saruji kimya kabisa, na vishindo vitatu vikatokea ndani ya spika. Akafungua kinywa. Tarumbeta zikapiga, wimbo ukaisha. Ubeti haukuwemo.

"Mwanangu, mama yangu mmempeleka wapi?"

Nikainamia simu nikampigia Yona. Akacheka! "Kaka, watu wanataka kucheza, siasa za nini? Kanda? Ilishaota ukungu, nikaitupa."

Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Komeo lilikuwa vilevile nilivyolifunga.

Kesho yake nikaenda Zuzu kuomba radhi. Nilimkuta binti yake, mama mtu mzima, anapepeta karanga. Nikamuulizia mzee wa koti la kijani aliyekuja kwangu jana.

"Baba? Huu mwaka wa tatu tangu tumzike. Koti la kijani tulimzika nalo." Akaweka ungo chini. "Kila tukimuuliza jina la bibi, alisema tungoje santuri irudi. Sasa imerudi. Kwani bibi aliitwa nani?"

Nilirudi mjini bila kumjibu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Yona akinisalimia leo napita kama sijamwona. Inaniuma mpaka sasa. Na kila nikiiweka santuri ile, vishindo vitatu vinakuja hadi mbele ya spika, vinasimama, vinangoja.

Nawe uliye na kanda ya wazee wako, kabla hujampa mtu, hata awe nani, kaa chini uisikilize hadi mwisho. Yaandike majina yaliyomo. Mwenyewe akija kuulizia, uwe na la kumjibu.