Mbwa Aliyesingiziwa

Kuna Jumapili moja ya kule machimboni Masumbwe ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia ingawa inaniaibisha. Ilikuwa miaka ya tisini, dhahabu imepamba moto, nami kijana wa miaka ishirini nikitafsiri picha katika banda la video. Nilisimama kando ya televisheni nikiwaeleza watu kwa Kiswahili maneno ya Wazungu. Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kuungaunga. Nisichokielewa nilikitunga, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Mchana wa Jumapili tuliweka picha za familia, zile za wanyama watundu. Siku hiyo tumbili aliingia jikoni, akala keki ya harusi, kisha akampaka mbwa krimu mdomoni. Mbwa akafukuzwa nyumbani.

Ndipo nikasikia kicheko kikubwa cha baba yangu. Alikuwa ametoka kijijini kwa baiskeli bila kuniarifu, amekaa benchi la mbele, kofia yake magotini. Kiswahili alikisikia kidogo tu, lakini tumbili aliwajua. Kila mwaka walimaliza mahindi yetu. Akapaza sauti kwa Kisukuma: "Ng'wanawane, mwanangu, mbwa anasingiziwa! Waambie wenye nyumba!"

Watu wakaangua kicheko. Mchimbaji mmoja akaniuliza, "Mtafsiri, mzee wako huyo?"

Nikajibu, "Simfahamu. Hata Kisukuma chenyewe sikijui."

Mwanangu, hicho Kiswahili kidogo alichokuwa nacho baba kilitosha kuyaelewa maneno hayo. Hakucheka tena. Picha ilipoisha alinisubiri mlangoni, akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando alichopewa na mama aniletee. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza tu, kwa lugha yetu, kama yule mbwa alirudishwa nyumbani, maana mwisho hakuuelewa.

Watu walikuwa wanatupita. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Nitakueleza nikija nyumbani, mzee."

"Haya," akasema, akapanda baiskeli yake.

Sikwenda. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, mpaka mvua za kwanza zilipoanza na habari ikaja kwamba baba ametutoka. Sasa nina televisheni sebuleni, wajukuu wanacheka vituko vya paka na mbuzi, nami natamani mno kumsikia baba akibishana na kioo. Nimemkumbuka, mwanangu, nimemkumbuka sana. Ningemtafsiria neno kwa neno, banda zima lisubiri.

Kwa hiyo nisikilize. Mzazi wako akicheka kwa sauti mbele za watu, sogea karibu naye mcheke pamoja. Akikuuliza jambo, hata liwe dogo namna gani, mjibu pale pale, kwa lugha aliyokulelea. Usimwambie baadaye, kwa kuwa hiyo baadaye si yako.

Mungu akujalie kukaa na wazee wako miaka mingi. Na wewe ukizeeka, watoto wako wakutambue popote watakapokukuta.