Mgeni Aliyesimama Juu ya Barafu

Usiniulize alikuwa mnyama gani. Nakuomba mapema, kabla hatujakosana. Swali hilo nimeulizwa na nesi, nimeulizwa na ustadhi, nimeulizwa na jirani na binti yangu wa kumzaa, na kila mmoja akishauliza hunitazama kana kwamba nimemficha huyo mnyama kabatini. Simjui! Ningemjua ningekuwa nimeshapumzika. Ninachojua ni kwamba nilimwona kwa macho yangu, jua linachomoza, sina homa wala usingizi, na mume wangu akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Ukiamini, sawa. Usipoamini, mkono wa mume wangu upo, uushike.

Sisi ni watu wa Tanga. Mume wangu, Baba Zuhura, ni fundi cherehani. Meza yake iko kando ya barabara kule Marshalltown, chini ya maofisi, na mimi namsaidia kutia vifungo na kupiga pasi. Tunaishi Kensington, chumba cha uani, na binti yetu Zuhura. Huyo kazaliwa hapa hapa Johannesburg, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Neno pekee la Kiswahili analolitoa kwa hiari ni "karibu", kwa sababu nilimfunza tangu mdogo kulisema mlangoni. Mkono wa kulia wa Baba Zuhura ndio uliokuwa ukitulisha sote watatu. Shika hilo, maana kisa chote ni cha mkono huo.

Mwaka ule baridi ilikuja na hasira zake. Ndugu zetu nyumbani hawaamini kwamba kuna sehemu ya Afrika ambako nguo ulizoanika jioni unazikuta asubuhi zimekakamaa kama mbao, ukizikunja zinalia. Bomba la uani lilipasuka. Na sisi ilitulazimu kutoka alfajiri, kwa sababu tulikuwa tukipewa lifti na jirani yetu Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi mwenye saluni karibu na meza yetu. Mama mwema, Mungu ambariki, lakini hajawahi kufika mahali kwa wakati. Alitaka tumsubiri kwenye bustani yenye bwawa, kwa kuwa asubuhi huanzia shughuli zake kwingine, na hapo ndipo njia yake. Basi kila asubuhi tunakaa kwenye benchi tunagandana, na yeye kila asubuhi ana sababu mpya. Mara robot, yaani taa za barabarani, zimezima, mara gari limegoma. Nikawa nabeba chupa ya chai na kikapu cha maandazi, angalau tusife na njaa pia.

Asubuhi hiyo bwawa lilikuwa limeganda. Usifikirie barafu ya Ulaya ya watu kutembea juu yake. Ulikuwa utando mwembamba kama kioo cha dirisha, na bata wote wamehamia kwenye nyasi wamejikunyata. Baba Zuhura akaokota kokoto akalirusha. Likatoboa, likazama, likaacha tundu. Nakuomba ulikumbuke tundu hilo.

Nikamimina chai. Nilipoinua macho, mnyama amesimama katikati ya bwawa.

"Fisi yule!" nikasema.

"Fisi gani mwenye shingo ile?" akasema Baba Zuhura. "Paa yule."

"Paa ana makucha?"

"Wewe umeyaona wapi makucha kutoka hapa?"

Ndiyo, tulibishana. Kimo chake kama ndama. Mgongo umeteremka nyuma kama wa fisi, na hapo mimi nilikuwa sahihi. Lakini shingo ilikuwa ndefu, masikio ya sungura, na manyoya rangi ya jivu bila doa. Nikatafuta mkia, sikuuona. Na uzito wote ule umesimama juu ya barafu ambayo kokoto limeipasua mbele ya macho yetu. Wewe mwenye akili zako, niambie, hilo linawezekanaje? Tena sisi kila tukipumua tulikuwa tukitoa mvuke. Yeye puani hakutoka kitu. Nikatoa simu nikampiga picha, nikijua tu kwamba watu watanisumbua.

Sasa sikiliza yaliyofuata, hapa ndipo huwa nataka kulia. Unayajua malezi yetu. Huwezi kula huku mwenzako anakutazama usimkaribishe. Hata kama ni tonge la mwisho, ulimi unasema wenyewe, na yule naye anajibu "ahsante, nimeshiba", mambo yanaisha. Yule mnyama alikuwa akilitazama andazi mkononi mwa Baba Zuhura. Analitazama, kisha anamtazama mdomoni anavyotafuna. Mume wangu akameza, akainua andazi lake, akasema:

"Karibu chai, bwana."

Mimi nikacheka. Akaja.

Alikuja taratibu, mguu kwa mguu, na barafu haikulia hata mara moja. Akapanda ukingo, akanyoosha shingo, akaanza kula andazi kwenye kiganja cha mume wangu. Alikula kwa heshima. Akabakiza kipande, kama mgeni aliyefunzwa kwao kwamba sahani haikombwi. Kisha akakilamba kile kiganja. Baba Zuhura alisema tu, "Loo! Baridi."

Honi ikalia nyuma yetu. Maman Furaha, siku zote anachelewa, siku hiyo moja ndiyo kafika wakati usiotakiwa. Tuligeuka wote wawili kumtazama. Niliporudisha macho, ukingoni na bwawani hapakuwa na kitu. Barafu nzima, ina tundu moja tu, lile la kokoto.

Tulipofika Marshalltown, mkasi ulimwanguka Baba Zuhura. Akauokota, ukaanguka tena. Nikamshika mkono, nikauachia. Ulikuwa na baridi ya nyama inayotoka kwenye friza, mpaka kifundoni, na kuanzia hapo kwenda juu ni joto la kawaida. Vidole vimejikunja havitaki kunyooka. Alijichoma sindano akaendelea kuvuta uzi, mpaka nilipomwambia, "Baba Zuhura, unashona kidole chako!" Hakuwa na habari.

Basi tukaanza kuhangaika. Kliniki nesi akaushika, akaruka, "Yho, baba!", kisha akatuuliza: mnyama gani? Kama ni mbwa kuna sindano yake, kama si mbwa ni mambo mengine. Nikamwambia kama fisi, kama paa, ana masikio ya sungura. Akaandika kitu kwenye faili. Akamchoma sindano ya mbwa. Ustadhi naye, mtu mpole, akauliza: mnyama gani? Wa kula nyama au wa kula majani? "Amekula andazi," nikasema. Akamsomea dua, roho ya mume wangu ikatulia, lakini mkono ukabaki vile vile. Nikaenda kwa mfanyakazi wa bustani, nikijua yeye ndiye anayelala na kuamka na lile bwawa. "Eish, mama," akasema, "hapa kuna bata tu."

Picha? Picha ilitoka nzuri sana. Barafu, na benchi la ng'ambo. Zuhura akaiingiza kwenye ile programu ya simu inayotambua wanyama, ikajibu kwamba ni benchi. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha shule kwamba bila shaka tulimwona mbwa mkubwa, na kwamba watu wazima wakisikia baridi huona vitu. Nilitaka kuitupa ile simu ukutani.

Cherehani ikafunikwa shuka. Gauni za kwaya ya kanisa la Maman Furaha zilikuwa zimekatwa nusu, zikabaki nusu. Na mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alikataa kula kwa mkono wa kushoto. Alisema hajala kwa kushoto tangu azaliwe na hataanza uzeeni. Ikawa namlisha mimi. Nafinyanga tonge, namtia mdomoni, na yeye anatazama pembeni. Niliumia kuliko ninavyoweza kukwambia.

Jioni moja Maman Furaha alikuja kutupa pole. Naye pia akauliza ni mnyama gani, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwa Kiswahili cha kwao, ambacho mnyama huitwa nyama: "Ile iko nyama ya mu maji. Kwetu ku Kivu iko mingi." Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba alipoinuka kuondoka sikuinuka. Nikamwambia, "Haya dada, usiku mwema." Akaenda mpaka getini, akasimama. Akakaa pale pale kwenye baridi, mkoba begani.

"Umesahau kitu?" nikajiinua, nikamwuliza kutoka mlangoni.

"Minakuja kuwapa pole, kisha munaniacha niende peke yangu?" akasema. "Hata mutu wa kunisindikiza hakuna? Kwetu, mugeni asiposindikizwa, hajatoka bado."

Nilisimama pale mlangoni, mwili ukanisisimka. Watu wote wale na maswali yao ya mnyama gani, mnyama gani! Hakuna aliyeuliza tulimpokeaje na tukamuagaje. Tulimkaribisha mgeni, akala, akabakiza kwa adabu, na sisi tukamgeuzia mgongo kwa ajili ya honi ya gari. Huyo mgeni hajatoka. Bado yupo mkononi mwa mume wangu.

Nilimsindikiza Maman Furaha mpaka mlangoni kwake, nikarudi mbio.

"Tutaenda bwawani," nikamwambia Baba Zuhura. "Tutamuaga."

Maneno rahisi! Baridi ikakatika kesho yake. Bwawa likarudi kuwa maji, bata wanaogelea wanatucheka. Tulikwenda kila alfajiri, tukaona bata. Kwa nini baridi inayopasua mabomba ya watu ikitakiwa haipatikani? Wiki zikapita. Hatimaye, wakati watu wameshaanza kuweka makoti kabatini, usiku mmoja upepo ulishuka kutoka vilima vya mtaa wa Observatory, na asubuhi ndoo ya uani ilikuwa imeganda.

Njia nzima nilikuwa namfunza. "Neno moja tu, Baba Zuhura. Kwaheri."

"Moja."

"Moja, basi. Usiongeze hadithi."

"Mama Zuhura, mimi si mtoto."

Alikuwepo. Amesimama pale pale katikati, kama hakuondoka. Alipotuona akageuka, akaanza kutembea juu ya barafu kuelekea upande wa pili. Baba Zuhura akafuata ukingo, sambamba naye, polepole, kama unavyomsindikiza mtu huku mnazungumza habari za nyumbani. Mimi nyuma, nimeshika kikapu, nasoma kila dua ninayoijua. Walipofika mwisho wa ukingo, mnyama akasimama. Mume wangu akainua ule mkono uliokunjika.

"Kwaheri, bwana," akasema.

Niamini, niliviona vidole vikifunguka. Kimoja, kisha kingine, mpaka vyote. Rangi ikarudi kwenye kucha. Akaugeuza mkono, akautazama, akanitazama mimi, machozi yanamtoka na anacheka. Na katika furaha ile, kama alivyofunzwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, kama anavyomwambia kila mtu anayetoka mlangoni kwetu tangu nimjue, mume wangu akapunga mkono wake mzima, akamalizia:

"Karibu tena!"

Mnyama akageuza shingo. Akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Halafu hakuwepo.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye barafu, kikapu na maandazi yake vikaanguka.

"Umesemaje?" nikamwuliza.

"Nimesemaje?" akasema. Hata hakujua.

Majira yote ya joto mkono ulifanya kazi. Gauni za kwaya zikaisha, watu wakasifu. Lakini mwaka uliofuata, asubuhi ya kwanza ya bomba kuganda, Baba Zuhura aliamka akaukuta mkono wake wa kulia umelala pembeni yake, baridi, vidole vimekunjika. Nikaenda jikoni. Kwenye kikapu andazi moja lilikuwa limeliwa, kipande kimebakizwa. Tulikimbilia bwawani kumuaga. Hakuwepo, na hajaonekana huko tena. Kwa nini asimame kwenye barafu, na nyumba ameshaijua? Na utamsindikizaje mgeni usiyemwona? Sasa ni kila mwaka. Anakuja na baridi, anaondoka na baridi. Nimejifunza cherehani, majira ya baridi nashona mimi, na mume wangu ananisomea vipimo na kutia vifungo kwa mkono wa kushoto. Jioni namlisha. Tumezoea, lakini sijasamehe.

Zuhura nimemkataza kusema neno lile mlangoni. Aliniuliza kwa Kiingereza, sasa wageni watajuaje kwamba tunawataka? Lilikuwa neno lake pekee, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Basi nakuonya wewe unayenisikiliza. Ukiwa unakula na kitu kikakutazama, tazama kwanza kama kinapumua, ndipo ufungue mdomo. Na ukishamwambia mtu kwaheri, uma ulimi, usiongeze. Mimi nyumba yangu bado ni nyumba ya Waswahili. Ukipita Kensington siku ya baridi, bisha hodi. Nitafungua, nitakushika mkono, kwanza kuona kama una joto, kisha nitakupa kiti na chai. Usisimame hapo kizingitini kungoja nikuambie neno. Wewe ingia tu.