Dorotea Hageuki Nyuma

Kijiji kizima cha Murangi kilimjua Dorotea kwa mdomo wake. Harusi ikikaribia, ni yeye aliyechukuliwa kwenda Sirare na kuvuka mpaka hadi Migori kununua masufuria, mashuka na vitenge, maana wauzaji wa kule Kenya wakishasikia Mtanzania anavyosema "naomba", bei hupanda papo hapo. Dorotea hakuomba. Alikunja uso, akataja nusu, akatafuta kasoro hata kwenye sufuria mpya, kisha akampa muuzaji mgongo. Alitembea polepole mpaka aitwe, na siku zote aliitwa. "Ukigeuka umeshalipa," aliwafundisha wenzake, nao wakamsifia mpaka akavimba kichwa.

Mumewe, Amos, alikuwa mvuvi mpaka alipoteleza juu ya paa alilokuwa akiezeka. Mgongo uliumia, miguu ikafa. Mwanaume aliyezoea kuamkia ziwani sasa alibebwa kama gunia la mihogo kutoka kitandani hadi uani, na kila alipobebwa alilalamika, kwa sababu waliombeba ni vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: kiti cha magurudumu, ajisukume mwenyewe hadi mwaloni akaone mitumbwi ikiingia asubuhi. Akauza mashine ya mtumbwi wake. Viti vya Musoma vilizidi uwezo wao, lakini wakasikia kwamba Migori, kwenye mitumba, wakati mwingine hupatikana.

"Mama Matrida," Amos alimwambia siku ya safari, "wewe unapendaga kushindana. Hiki usishindane. Ukikikuta, chukua."

Dorotea alicheka. Mtu wa kumfundisha yeye kununua alikuwa bado hajazaliwa.

Alikikuta. Kilikuwa kimoja tu, katikati ya baiskeli kuukuu, mkono wake mmoja umezungushiwa mpira mwekundu. Alikikalia, akazungusha magurudumu, yakaitika. Moyo ulimruka, lakini uso akaukunja vilevile. Kijana muuzaji alitaka elfu tisa za Kenya, na elfu tisa Dorotea alikuwa nazo, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Wakavutana, mwanaume mmoja amesimama pembeni akiwasikiliza. Kijana alishuka mpaka elfu saba na mia tano, akasema chini ya hapo anakula hasara. Dorotea aling'ang'ania elfu saba. Kisha akafanya kama kawaida yake, akampa mgongo.

Alipita wauza viatu, akapita wauza vikombe. Hakuitwa. Miguu ilitaka kurudi, kiburi kikakataa, akaendelea mpaka kwenye mboga. Hapo ndipo alipogeuka. Yule mwanaume aliyekuwa pembeni alikuwa anakifunga kiti kwenye pikipiki.

Alirudi mbio, pindo limeshafunguliwa, akitoa zote tisa. Mwanaume alimtazama kwa huruma.

"Samahani, mama. Mimi ni mtu wa Bunda, nampelekea mama yangu. Haendagi popote."

Dorotea alipanda gari akarudi na hela zake zote.

Nyumbani alisema kweli, kwa sababu uongo wa kutosha hakuupata njiani. Amos aliuliza jambo moja tu, kwamba walishindwana kwa kiasi gani. Mia tano, akajibu. Amos akageukia ukutani. Laiti angemtukana, angalau Dorotea angekuwa na neno la kujibu, lakini hakumtukana siku hiyo wala siku nyingine. Dorotea alirudi Migori mara mbili, akiwa tayari kulipa bei yoyote, na viti havikuwepo. Wakati wa masika Amos akafa. Vijana walewale walimbeba tena, na safari hiyo hakulalamika.

Mwaka uliofuata Dorotea alikwenda Bunda kumwona Matrida, binti yake aliyeolewa hukohuko, Kabasa. Ili asiende mikono mitupu, akasimama kwenye meza ya nyanya, akaanza kuzipekua moja moja. Mwenye meza, bibi mchangamfu, alijisukuma mwenyewe kuzunguka upande wake, akamsalimia, akataja bei. Dorotea aliinua macho, akauona mpira mwekundu.

Bibi alikuwa na vumbi la barabara kwenye magurudumu. Alikuwa ametoka mahali, naye angerudi mwenyewe jioni bila kubebwa na mtu. Dorotea alimchukia, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia mama wa watu asiye na kosa. Akazirudisha nyanya mezani, akaondoka.

"Rudi mwanangu," bibi alimwita. "Nitakupunguzia."

Aliita mara ya pili, kwa bei ya chini zaidi. Dorotea hakugeuka.