Kiti cha Mkurugenzi

Nilikuwa bado na begi mgongoni na vumbi la safari kwenye nyusi nilipopanda ngazi za chuo, juu ya duka la magodoro, nikasukuma mlango wa kwanza nilioukuta wazi. Nyuma ya meza alikaa mwanamume mwenye tai, kwenye kiti kikubwa cha ngozi ya bandia kilichochanika begani. Hakuinuka. Alinionyesha kiti cha plastiki mbele yake.

"Kaa. Jieleze."

Nimevuka mipaka mingi na maafisa wa mipakani nimewazoea, lakini huyu alinitoa kijasho chembamba. Nilieleza nilikotoka, lugha ninazozijua, na ile niliyokuja kujifunza kwa muhula mmoja.

"Lugha zote hizo," akasema, "na bado unatafuta nyingine. Za mwanzo zilikukosea nini?"

Nilikuwa karibu kuomba radhi kwa kuzaliwa, mwalimu wa biashara alipoingia na kikombe chake cha chai.

"Mkurugenzi, mwache mgeni," akasema. Kisha akanigeukia. "Kujiandikisha ni mlango wa pili, ndugu yangu. Huyu ni mwanafunzi, kama utakavyokuwa wewe."

Chuo kilifundisha lugha asubuhi na biashara mchana. Ijumaa kilifanya mahojiano ya kazi ya mazoezi: mmoja anakaa kwenye kiti kikubwa, anakuwa bosi, wengine wanapita mmoja mmoja kwenye kile cha plastiki. Kwa miaka ambayo hakuna aliyetaka kuihesabu, bosi alikuwa mtu yule yule. Alikuwa na vyeti vya uhasibu, mauzo, utunzaji wa stoo, Kifaransa cha hotelini na Kichina cha mizigo. Kila alipomaliza kozi, mwalimu alimtafutia nyingine, kwa kuwa bila yeye Ijumaa haikwenda.

"Mimi nina huruma," mwalimu alinieleza. "Ukimhurumia mtu hapa, unamtuma huko nje akaaibike. Mkurugenzi hana tatizo hilo."

Hakuwa nalo. Wanafunzi walikuwa bado wanasimulia habari za binti mmoja waliyembandika jina la Kilio, ambaye muhula mzima alilia kwenye kiti cha plastiki kila Ijumaa, kisha akapata kazi nzuri kuliko wote. Waliopita mikononi mwa Mkurugenzi waliajiriwa. Wengine walirudi na soda kumshukuru, naye alizipokea kwa uzito wa mtu aliyewasainia barua za ajira yeye mwenyewe.

Mwenyewe hakuwa na kazi. Matangazo ya kazi aliyasoma yote, na kila moja alilikuta na kasoro: hili limeandikwa vibaya, lile linaficha jina la kampuni, jingine linataka kijana.

Mkewe alikuwa na saluni mtaa wa pili, na watu walimwita Mama Saluni. Siku Mkurugenzi aliponipeleka kumsalimia, alikuwa ameinamisha kichwa cha mteja kwenye beseni, povu limemfika kwenye viwiko.

"Karibu, shemeji," akaniambia. "Umemwona mwenzako? Kila Ijumaa anaajiri watu. Mwambie na yeye ajiajiri."

"Mama watoto, mgeni ndiyo kwanza anafika."

"Ndiyo ajue mapema." Akamwaga maji ya kusuuza. "Kaka yangu amemtafutia mahojiano, shemeji. Kampuni ya kusambaza dawa, afisa mauzo. Nimemwambia, hii ndiyo ya mwisho. Akikosa, Jumatatu anavaa aproni, anaosha vichwa hapa na mimi. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kinyozi angalau ana wembe."

Mkurugenzi alicheka kwa midomo tu. Tukiwa njiani kurudi chuoni alinieleza kwamba kuosha vichwa si aibu. Aibu ni vichwa vyenyewe: nusu ya wateja wa saluni walikuwa dada na mama wa watu aliowahi kuwauliza, akiwa ameegemea kiti, kwa nini wamekaa nyumbani muda mrefu hivyo.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alitangaza kwamba leo anayehojiwa ni Mkurugenzi. Hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kiti kikubwa. Mmoja alidai anaumwa mgongo. Mwingine alisema yeye na mzee huyo ni majirani, asije akaharibu ujirani. Mwishowe mtu akaenda kumwita Mama Saluni. Alikuja na kitana nyweleni, akakaa kwenye kiti kikubwa, akazunguka nacho kushoto na kulia, tukaona kimempendeza.

"Jina lako?"

"Mama watoto, si unalijua?"

"Humu ndani mimi si mama wa mtu. Jina."

Akalitaja.

"Udhaifu wako ni nini?"

Hapo Mkurugenzi akatabasamu. Jibu hilo alikuwa amelifundisha nusu ya mji. "Udhaifu wangu ni kwamba nikishika kazi siiachi. Nafanya kazi kupita kiasi."

"Lini?"

Tulicheka mpaka wenye magodoro huko chini wakagonga dari. Mama Saluni hakucheka. Alingoja tunyamaze.

"Na mbona miaka yote hii hukuomba kazi hata moja?"

Mkurugenzi alitazama kiti cha plastiki alichokalia, kisha kile cha mkewe. "Anayekaa hapo ulipo hakataliwi," akasema. "Anayekaa hapa anaweza kukataliwa."

Mama Saluni alinyoosha mkono juu ya meza, akamnyooshea tai. "Basi siku ya mahojiano kaa kwenye kiti kama hicho hicho. Wewe kaa tu. Yatakayokuja tutayapokea wote."

Siku ya mahojiano yenyewe tulimsubiri darasani, hakuna aliyejifunza kitu. Aliingia alasiri, tai imelegea, akavuta kiti cha plastiki na kukaa.

"Nilikwenda nimejipanga," alisema. "Nikawa najiambia moyoni: kiti kidogo, kiti kidogo. Nafungua mlango, wako watatu nyuma ya meza, na wa katikati ni nani? Kilio. Siku hizi anavaa miwani, yeye ndiye anayeajiri."

"Akafanyaje?" mwalimu akauliza.

"Akasimama. Shikamoo, Mkurugenzi. Akaja mpaka mbele ya meza kunipa mkono. Marahaba, mama. Sasa kiti chake kiko wazi, kikubwa, kinazunguka. Miguu ikanipeleka."

"Usituambie ulikikalia."

"Nilikikalia. Na yeye akakaa kile kingine. Nikamwambia, jieleze. Akaanza: jina, alikosoma, anachokiweza. Anaeleza vizuri siku hizi. Mpaka mhasibu wao aliyekaa pembeni, mzee wa mvi, akasema, samahanini, kati yenu anayeomba kazi ni nani?"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia asimkatize, binti yuko katikati ya jibu."

Kilio alilia tena, safari hii kwa kucheka. Alipofuta miwani alimwambia kazi ya mauzo hapati: angewarudisha wateja nyumbani wakatafute sababu bora za kununua. Lakini hapo mapokezi pao, alisema, kila mwenye mkoba wa bidhaa alikuwa anapanda mpaka kwa meneja na kumpotezea siku. Walihitaji mtu wa kukaa mlangoni na kuuliza: umekuja kwa nani, na kwa nini?

Mama Saluni, tulipompelekea habari, aliuliza swali moja tu. "Mlangoni?"

"Mapokezi," Mkurugenzi akasema.

"Ni kazi?"

"Ni kazi."

"Haya." Aproni alikuwa ameshainunua. Alimvalisha hata hivyo, aone ingemkaa vipi, kisha akaikunja na kuirudisha kwenye mfuko wake.

Asubuhi ya kuanza kazi Mkurugenzi alipitia chuoni kutuaga. Alimpa mkono kila mtu. Kwangu alisimama kidogo.

"Umeshajua zile lugha za mwanzo zilikukosea nini?"

"Bado."

"Jipange," akasema, akashuka ngazi. Kutoka dirishani nilimwona mwenye magodoro akimsimamisha ili ampongeze, na Mkurugenzi akimsikiliza, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesubiri jibu lifike kwenye hoja.

Nyuma yangu mlango ulifunguliwa. Binti mwenye viatu vipya alisimama kizingitini, amekumbatia bahasha.

"Namtafuta Mkurugenzi. Nina mahojiano kesho."

Mwalimu alikitazama kiti kikubwa, akanitazama mimi, akaondoka na kikombe chake cha chai. Muhula wangu ulikuwa umekwisha, na begi langu lilikuwa pale mlangoni limeshafungwa. Nililisogeza kwa mguu ili binti apite.

"Kaa," nikamwambia, nikiwa bado nimesimama. "Jieleze."