Utomvu Juu ya Utando

Kidonda cha mume wangu kilikuwa kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mahali bomba la mvuke lilipomchoma kiwandani. Kilikaa miezi bila kufunga. Yeye ni kibarua. Kila asubuhi msimamizi huchagua watu langoni, na anayechechemea hachaguliwi. Kwa hiyo alishinda nyumbani mtaani Pipeline, mguu juu ya stuli, nami nikiuza mshubiri soko la Muthurwa, ule wateja wanauita alovera.

Kliniki moja ya mtaa wa Tassia ilikuwa ikijaribu dawa mpya, naye akakubali kujaribiwa. Daktari, mama mpole, alitoa kwa kibanio kitu cheupe, chepesi kama utando wa buibui. Alisema ni nyuzi za plastiki ambayo mwili wenyewe huiyeyusha, nyembamba kuliko unywele, na ndani yake wametia maji ya mshubiri yanayotoka polepole. Sijui kama nimeandika sawasawa. Niliishia darasa la nane, na alieleza haraka.

"Daktari, hii ni dawa ama ni manda ya sambusa?" mume wangu akauliza.

"Ukiila shauri yako, baba. Msiifungue mpaka mrudi wiki ijayo. Na msiongeze kitu chochote."

Nilisikia vizuri, nisije nikasema sikuelewa. Lakini miaka yote nimewaambia wateja kwamba jani la jana si sawa na la leo. Nikawaza, maji yao yamekaushwa, yakatiwa kwenye nyuzi, yakafungwa kwenye mfuko. Yamebaki na nguvu gani? Siku ya tatu nikainua bandeji, nikapasua jani lililokatwa asubuhi hiyo, nikadondosha utomvu juu ya utando.

"Si daktari alikataza?" mume wangu akasema.

"Alikataza vitu vingine. Hiki si ni kilekile?"

"Haya, daktari wa Muthurwa."

Nikarudia kesho yake na keshokutwa.

Tuliporudi kliniki, daktari alifungua akakuta nyama changa imeanza kuingia kutoka pembeni. Alifurahi. Akapiga picha, akapima kwa rula, akachukua kalamu.

"Mliongeza chochote?"

"Hapana," mume wangu akajibu upesi. Alikuwa na sababu. Tando za wiki tatu zilikuwa bado zimebaki, na haziuzwi dukani.

Nikamfikiria mtu nisiyemjua, atakayebandikwa utando huo siku moja kwa sababu mguu wa mume wangu uliandikwa kwamba umepona nao.

"Mimi niliongeza," nikasema.

Daktari aliniuliza ni jani gani, mara ngapi, na kama nililiosha. Aliandika yote. Kisha akapiga mstari kwenye karatasi, kutoka pembe hadi pembe.

"Asante kwa kusema, mama. Lakini sasa siwezi kujua kilichofanya kazi ni nini, na siwezi kumpa utando mwingine. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo."

Hakusema kwa ukali. Alimfunga bandeji ya kawaida, akatuambia turudi kuibadilisha. Nje mume wangu alitangulia hatua kadhaa, halafu akanisubiri.

"Mama watoto, na huo mdomo wako."

"Ulitaka nidanganye?"

"Nilitaka nipone."

Kusema kweli, hakuniambia niseme uongo. Alitaka ninyamaze tu. Na kosa la kwanza lilikuwa langu, si lake.

Ninapoandika haya kidonda kimebaki kama punje ya harage. Anakwenda langoni, siku nyingine anachaguliwa, siku nyingine anarudi kabla chai haijapoa. Mteja akiniuliza kama alovera hufunga kidonda, namwambia kipo kimoja kilianza kufunga nayo pamoja na kitu kingine, na mimi ndiye niliyeharibu njia ya kujua. Wengine hununua hivyo hivyo. Wengine huenda meza ya pili.