Herufi Nilizozifuta Kwenye Chupa ya Dawa

Hapa Kitengela wananiita fundi wa kompyuta. Hawajui kwamba niliwahi kuua mbuzi watano wa mtu bila kuwagusa, kisha nikamwacha dada mmoja abebe lawama. Kosa lilikuwa langu. Nakueleza leo kwa sababu bado halijaisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nimejifunza C, lugha ya kuandikia programu, peke yangu kwa kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za katikati. Mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba. Akaniomba nimtengenezee programu ya kuchapa vibandiko vya chupa. Juu kunakaa jina la mteja, kwao, na idadi ya mifugo. Chini kunakaa kipimo cha dawa kwa kila mnyama.

Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kinyooke. Nilihangaika na ile mistari hadi ikalala kama shuka iliyopigwa pasi. Jina, kwao na idadi niliviunganisha kwa strcat, amri ya C ya kuunga maneno mkia kwa kichwa. Sasa sikia hatari yake. Kwenye C unatenga nafasi mwenyewe, na strcat haikuulizi kama inatosha. Inamimina tu. Yanayozidi yanamwagikia jirani, yaani nafasi inayofuata. Na jirani wa mstari wa jina, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimemweka kipimo.

Nafasi niliipima kwa majina ya kwetu. Sisi ni Wakamba. Nilijaribu Mutua, nikajaribu Mwende, nikajaribu Musyoka wa Athi River. Wote waliingia na nafasi ikabaki. Naishi katikati ya Wamaasai, nawasalimia "supa" kila asubuhi, na sikujaribu hata jina moja refu la kwao lenye "ole" katikati!

Dalili ilikuja mapema. Kibandiko kimoja kilitoka na "ka, 12" mahali palipopaswa kuwa na 5. Wanza, dada aliyehudumu kaunta, alikiinua kwenye mwanga.

"Kijana, hii dawa siku hizi inapimwa kwa herufi?"

"Ni printa," nikasema.

Akacheka, akaandika 5 kwa kalamu, akabandika. Lakini mimi niliungua kwa aibu. Mtu mwenye akili angeuliza herufi zimetoka wapi. Mimi niliongeza mistari michache kwenye programu, ya kufuta chochote kisicho namba kwenye kipimo. Nikajaribu tena kwa Mutua. Safi kabisa. Ile 12 iliyobaki baada ya herufi kufutwa sikutaka hata kuiwaza.

Wiki kadhaa baadaye aliingia mzee mmoja wa Enkorika. Alikuwa amenunua dawa ya minyoo ya mbuzi kumi na wanane. Hakupiga kelele. Aliweka chupa tupu juu ya kaunta, akaigeuza kibandiko kitazame upande wetu.

"Daktari, mbuzi wangu watano wamelala. Hawaamki."

"Uliwapa ngapi, mzee?"

"Vile imeandikwa. Kumi na nane, kumi na nane. Mke wangu aliniambia hiyo ni mingi. Nikamwambia nyamaza, hii si mkono ya mtu, ni kompyuta." Akaigonga ile chupa kwa kidole. "Dawa ikaisha. Kama haingeisha, ningemaliza wote."

Kipimo kilipaswa kuwa mililita tano. Kumi na nane ilikuwa idadi ya mbuzi wake. Nilielewa palepale. Jina refu, na Enkorika, vikajaza nafasi. Idadi ikamwagikia kwenye kipimo, na kifutio changu kikaisafisha vizuri ili mzee aiamini.

Daktari alimgeukia Wanza. "Wewe ndiye uliingiza kipimo?"

"Niliandika tano, Daktari. Muulize huyu kijana."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu.

"Programu iko sawa," nikasema. "Nimeijaribu."

Wanza alivua koti lake la kazi, akalikunja polepole, akaliweka kando ya ile chupa. Hakurudi tena. Daktari alimlipa mzee mbuzi wake, halafu akanishika bega na kunipeleka Kajiado, nikaweke programu ileile kwenye duka lake la pili. "Mashine haina usingizi," aliwaambia wateja. Niliirekebisha kimya kimya kabla ya kuifikisha huko. Nilipanua nafasi, nikaweka hesabu ya urefu wa maneno kabla ya kuyaunganisha, nikaondoa kifutio. Nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Mwaka mmoja baadaye nilikutana na Wanza huko Kware, Rongai. Alikuwa anauza mboga. Nilitaka kupita, akaniita.

"Kijana wa kompyuta, mbona unanikimbia? Si mimi niliandika kumi na nane."

"Najua, dada."

"Najua unajua. Nilikuona vile uliangalia ile chupa." Alikuwa anakata sukuma wiki, kisu hakikusimama. "Umeitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

"Na chupa zilizotoka kabla?"

Kompyuta haikuweka nakala. Na huku kwetu hakuna mtu anayetupa chupa ya dawa ikiwa imebaki kidogo. Inachomekwa kwenye paa la manyatta kungoja msimu mwingine wa minyoo, na wakati huo atakayeisoma labda ni mtoto.

Kesho yake nilimwambia Daktari kila kitu. Alinifukuza, na alikuwa na haki. Alimwita Wanza arudi, Wanza akakataa. Tangazo lilitolewa makanisani na siku ya mnada, watu wakarudisha chupa kwenye gunia. Nilizisoma moja moja, na nne zilikuwa na idadi ya mifugo mahali pa kipimo.

Wewe unayejifunza peke yako kama mimi, pima nafasi kabla ya kuunganisha, na jaribu kwa jina la jirani yako, si lako. Na ukiona herufi mahali pa namba, usiifute. Ifuate hadi ilikotoka, hata kama utaaibika. Mimi niliifuta, na gunia lile halikujaa; chupa nyingine bado ziko kwenye mapaa.