Nilimuuza Mke Wangu kwa Makofi

Mungu wangu asifiwe, aliyenipa uzee huu na mke ambaye sikumstahili. Nasema asante kwanza, kwa sababu nikianza na hasira sitamaliza.

Nimekosa! Sikulewa, sikulazimishwa na mtu. Mimi mzee wa kanisa, miaka mingi nikifundisha watu kuchunga ulimi, niliuachilia wangu mbele ya wageni.

Mama watoto ana shida ya mkojo. Uzazi wa kitinda mimba wetu ulikuwa mgumu, na tangu hapo akikohoa au akiinua kikapu cha majani ya chai, unamtoka. Kwa hiyo huvaa nepi za watu wazima, na mimi ndiye humnunulia kule mjini Litein, mbali kidogo na kwetu.

Tulizipa jina. Hata kukiwa na wageni sebuleni aliweza kuniambia, "Baba, usisahau mbolea." Nani atashangaa mkulima wa chai akitumwa mbolea? Hata watoto wetu hawakujua.

Siku hiyo nilikuwa na mizunguko ya kawaida. Kusagisha mahindi, sabuni na chumvi, viatu kwa fundi, mwisho duka la dawa. Jioni nikapitia kilabu cha kujifunza kuzungumza mbele ya watu, kinachokutana chumba cha juu cha hoteli moja mjini. Mwalimu mmoja alikuwa amenialika, akisema kitanisaidia kuhubiri.

Pale mtu huokota karatasi kwenye mkebe na kuzungumza papo hapo. Yangu ilisema: "Tuambie ulifanya nini leo."

Jamani! Kanisani kwetu ukiambiwa usimame useme, unatoa ushuhuda, na ushuhuda haufichi kitu. Nilisimama na mazoea hayo. Nikaanza na mahindi. Watu wakapiga miayo. Mmoja wa mbele akatoa simu yake. Hapo kiburi kikaniuma, nikaruka hadi duka la dawa.

Nikaigiza nikimnong'onezea muuzaji, naye akinijibu kwa sauti ya sokoni: "Mzee, nepi za mtoto ama za mtu mzima?"

"Punguza sauti, msichana wangu."

"Ni zako?"

"Si zangu!"

"Basi mwenyewe ana kiuno kikubwa aje? Nionyeshe na mikono!"

Nikawaonyesha na mikono. Watu wakaangua kicheko! Na mimi, mpumbavu, nikaongeza: "Nyumbani kwetu hizi tunaziita mbolea." Wakapiga meza. Nikapewa utepe wa mzungumzaji bora wa jioni, nikaenda nyumbani nikiimba.

Nyinyi mliocheka, pia nyinyi nimewakasirikia! Hakuna hata mmoja aliyenivuta kando aniambie, "Mzee, huyo ni mke wako." Lakini mlango niliufungua mimi.

Mmoja wenu huuza maziwa karibu na kituo chetu cha kupimia majani. Wiki haikuisha. Karani alitangaza pale, bila ubaya wowote, kwamba mbolea imefika na wakulima wajiandikishe. Mwanamke mmoja nyuma akamtaja mke wangu: "Huyu Mama atangulie, yeye hutumia kila siku!" Wakacheka wakishikana mabega.

Mke wangu alikuwa bado na kikapu mgongoni. Alikiweka chini, hakungoja kupimiwa, akaja nyumbani. Hakulia. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba, uliwaambia mpaka jina?"

"Mama, ilikuwa mchezo tu, hao ni watu wa..."

"Nimekuuliza. Uliwaambia mpaka jina?"

"Niliwaambia."

"Sawa."

Sawa hiyo! Afadhali angenirushia mwiko.

Tangu hapo hapeleki majani. Haendi kikundi cha akina mama, na yeye ndiye alikuwa akianzisha nyimbo. Kliniki ambako alikuwa ameanza kupata nafuu ameiacha, anasema foleni ina watu wa kwetu. Hapo ndipo damu hunichemka! Makofi nilipigiwa mimi, kujificha anajificha yeye.

Nikataka kurudi kilabuni nisimame niombe msamaha. Akanitazama. "Wale ambao hawakuwepo, pia unataka wajue?" Mnaona nilivyo? Hata toba yangu ilikuwa inatafuta watu wa kuisikiliza!

Maneno haya nimemsomea kabla ya kuyatuma. Aliniambia niondoe jina la kijiji na la kanisa, nikaondoa. Kisha akasema, "Tuma. Labda kuna mwingine anayejiona mcheshi."

Amenisamehe? Sijui. Ananipakulia chakula, ananitaja katika maombi. Namshukuru Mungu kwa hayo na ninangoja. Lakini juzi nilimsikia akiimba jikoni. Nilipoingia, akanyamaza.

Mume mwenzangu, mwili wa mke wako si hadithi yako! Ukisimamishwa mbele ya watu, iwe ni kanisani, harusini au kilabuni, sema ya kwako. Kama huna ya kusema, keti, waache wapige miayo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa makofi.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Bwana akupe mtu wa kukutunzia siri zako, na akufanye wewe mwenyewe kuwa mtu huyo kwa mwenzako. Amina.